Siku Niliyovuta Oili kwa Mdomo Nyumbani kwa Wakwe

Najua wengi wenu mmeshasikia vipande vya habari hii, maana kutoka Suji hadi Same ni mbali kwa miguu lakini kwa maneno si mbali hata kidogo, na kila anayeisimulia anatia chumvi yake, wapo wanaosema nilikunywa debe zima, wapo wanaosema nilitapikia viatu vya mchungaji (mchungaji hakuwepo kabisa, alikuwa safarini), basi leo nimeona niwape yote mwenyewe kama yalivyokuwa, mcheke mara moja mmalize. Aibu yenyewe nimeishi nayo muda mrefu mpaka sasa naiona kama ndugu.

Wakati ule nilikuwa dereva katika shamba moja la mkonge kule tambarare. Nilizaliwa humo humo kambini, baba alikuja na kundi la manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma akaoa, akazeeka, akazikwa pale pale, kwa hiyo mtu akiniuliza kwetu ni wapi nilikuwa natazama kwanza ni nani anayeuliza ndipo najibu. Mashamba yalipotaifishwa, meneja wa Kizungu alifunga mizigo yake akaniachia Landrova yake kuukuu kwa bei ya kuagana, mlango wa kushoto ulikuwa unafungwa kwa waya na honi ilikuwa inalia yenyewe ukikata kona kali, lakini ilikuwa gari, na mwenye gari siku zile alikuwa mtu wa kutazamwa.

Nakijwa alikuja kambini kufundisha elimu ya watu wazima. Nilijiandikisha darasani ingawa nilikuwa najua kusoma vizuri tu (yeye aliligundua hilo mapema akaendelea kunifundisha tu), na baada ya miezi ya kujifanya sijui herufi tukakubaliana kwamba nitapeleka posa kwao. Kwao ni milimani, upande wa Suji, kwenye kijiji kile ambako migomba inaanza mara tu barabara inapoisha. Baba yake, Mzee Elinazi, alikuwa mzee wa kanisa, na zaidi ya hayo ndiye aliyekuwa msimamizi wa maji. Wasiojua milima ya Upare niwaeleze kidogo: maji ya kijito yanaletwa kwa mfereji mpaka kwenye bwawa la kuchimbwa linaloitwa ndiva, yanajaa usiku, mchana yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na anayegusa maji nje ya zamu yake au kuyachafua anajibu mbele ya watu. Mzee Elinazi alikuwa amewahi kumtoza faini ndugu yake wa damu kwa kuosha miguu kwenye mfereji. Ndugu huyo alikuwa bado hamsemeshi.

Mzee hakunitaka sana. Hakusema hivyo, ila aliwahi kumwambia binti yake, "Dereva ana nyumba kila kituo, na huyu wako hata hicho kituo cha kwanza hatukijui." Hata hivyo Nakijwa alishikilia, mama yake akamsaidia, mwishowe likatoka neno kwamba niende Jumamosi kusalimia, halafu Jumatatu niteremke kuwachukua wazee wangu, yaani baba mdogo na rafiki yake mmoja, niwapandishe na gari kuja kuposa.

Nikashonesha Kaunda suti Same, ya kijivu, yenye mifuko minne, nikaivaa Jumamosi asubuhi nikapanda mlima.

Sasa Landrova ile ilikuwa imepitisha muda mrefu bila kubadilishwa oili. Nilipofika juu injini ilikuwa inapumua kama mtu mwenye pumu, nikachomoa kile kijiti cha kupimia, oili ikatoka nyeusi ti, nzito, ina harufu ya kuungua, na mimi nilitakiwa kuwapandisha wazee Jumatatu katika mlima ule ule. Oili mpya nilikuwa nayo nyuma ya kiti. Kilichobaki ni kuimwaga ile ya zamani, na hapo ndipo nilipoanza kujichimbia shimo.

Njia ya kwanza ilikuwa kurudi Same kwa fundi mwenye shimo, gari linapanda juu, yeye anasimama chini anafungua nati, mambo yanakwisha. Lakini fundi alikuwa amekwenda msibani kijiji cha Kisiwani, na kuteremka mlima ili nipande tena niliona ni wazimu. Njia ya pili ni ile ya madereva wote wa dunia: unapiga jeki, unaweka mawe, unalala chini na spana, unamwaga, unatoka mchafu, unaoga. Nguo za kazi nilikuwa nimezisahau kambini. Nikajitazama na Kaunda suti yangu, nikatazama ua wa Mzee Elinazi uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na barazani wamekaa mama mkwe mtarajiwa na shangazi wawili wa Nakijwa wanachambua maharage huku wananitazama, nikasema hapana, siwezi kujilaza mavumbini mbele ya watu hawa siku ya kwanza.

Ndipo ikanijia njia ya tatu. Mpira. Kila dereva anajua kunyonya petroli kwa mpira, unaingiza ncha moja kwenye tangi, unavuta kidogo kwa mdomo, inashuka yenyewe. Kwa nini oili isishuke hivyo hivyo kupitia tundu la kijiti? Shamba la Mzee lilikuwa limekatwa ngazi ngazi kama mashamba yote ya huko, nikaona nikiliegesha gari ukingoni mwa ngazi ya juu na kushusha mpira mpaka ngazi ya chini, mlima wenyewe utanifanyia kazi. Niliona nimevumbua kitu. Nilimwambia Nakijwa, naye akauliza swali moja tu.

"Petroli ni nyepesi. Oili je?"

"Injini ina moto," nikamwambia, "na oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi. Niachie mimi."

Mama mkwe akanipa karai lake (zuri, la kuogeshea watoto, bado naliona), nikaliweka ngazi ya chini, karibu na mbuzi wa Mzee aliyefungwa kwenye kisiki. Hatua chache chini ya mbuzi unapita mfereji. Ndiyo, mfereji niliuona. Nilijiambia karai halina miguu.

Nikapiga goti moja juu ya jani la mgomba ili suruali isichafuke, nikashika ncha ya mpira nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Kimya. Kule barazani nikasikia shangazi mmoja anauliza, "Huyu mgeni anakunywa nini kwenye gari?" na mama mkwe akamjibu kwa upole, "Mwache, labda ndivyo madereva wanavyofanya." Maneno hayo yakanichoma. Nikatoa pumzi yote iliyokuwa kifuani, nikaubana mpira kwa midomo, nikavuta kwa nguvu zangu zote kama mtu anayetaka kuimeza Landrova nzima.

Ikaja. Haikuja kidogo kidogo kama petroli ili uisikie na ujitoe, ilikuja kwa mkupuo mmoja, vuguvugu, nzito, ikajaa mdomoni, ikapanda puani, na kwa kuwa nilikuwa bado navuta, nyingine ikapita kooni. Ladha yake siwezi kuieleza. Mpaka leo nikipita gereji natema mate.

Niliukumbuka mpira, nikautia kwenye karai, oili ikawa inashuka vizuri sana (njia yenyewe ilifanya kazi, hilo sharti mnikubalie), halafu nikapanda juu nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Nakijwa akanikimbilia. "Gervas, umemeza?"

"Kidogo," nikasema, na nilipofungua mdomo kusema hivyo shangazi wote wawili wakarudi nyuma, maana meno, ulimi, kidevu, vyote vilikuwa vyeusi.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupaparika. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akanikalisha kwenye kigoda chake, akanishika kisogo kama mtoto. "Kunywa, mwanangu. Kunywa yote, yatakutoa sumu." Nikanywa. Nafikiri ningekataa ingekuwa afadhali, maana maziwa na oili havikupatana, na kilichofuata kilifuata pale pale kwenye ua uliofagiwa, mbele ya mama mkwe, na shangazi, na majirani wawili waliokuwa wamesimama kwenye njia kuangalia gari.

Watu wote wakawa wananishughulikia mimi, huyu anapepea, huyu analeta maji, na hakuna aliyekuwa anamtazama mbuzi. Sote tulisikia tu mlio wa karai likiviringika juu ya mawe.

Mzee Elinazi alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Alikuwa bondeni kwenye migomba yake. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda mpaka ukingoni, akasimama akitazama chini. Mbuzi alikuwa anatafuna jani langu la mgomba. Oili yote ilikuwa imeteremka kwenye mfereji na maji yanaichukua taratibu, inang'aa rangi rangi.

"Leo ni zamu ya shamba la ujamaa," akasema, kama anaongea na nafsi yake.

Hilo shamba lilikuwa la maharage ya kijiji kizima, yalikuwa yameanza kutoa maua, na maji yote ya ndiva siku ile yalikuwa yake. Mzee akaongeza neno kwa Kipare ambalo sikulielewa na Nakijwa amekataa kunitafsiria mpaka leo, kisha akashika kijia cha mkato akaondoka na jembe lake, haraka, bila kukimbia.

Hapo mtu mwenye akili angemfuata kwa miguu. Lakini mimi ni dereva, na dereva mwenye gari hakimbii kwa miguu, tena nilijua mfereji unazunguka bega lote la mlima ilhali barabara inashuka moja kwa moja mpaka ndiva, nikaona nitaiwahi oili na nitamwahi na Mzee, niokoe siku. Nikaruka ndani, nikawasha, nikateremka. Mpira ulikuwa bado umening'inia kwenye injini, unapiga piga ubavu wa gari. Taa nyekundu ya oili iliwaka mbele yangu nami nikaitazama nikasema, taa hii nayo imeanza kuharibika.

Mmeelewa, sivyo? Mimi sikuelewa mpaka kona ya tatu, injini ilipoanza kugonga kama watu wanatwanga ndani yake, honi ikalia yenyewe, halafu injini ikazimika. Gari likasimama katikati ya barabara, mahali pembamba kuliko pote, injini imenoki, yaani imekufa kwa kukosa oili, na oili mpya iko nyuma ya kiti changu haijafunguliwa.

Nikajaribu kuliwasha tena na tena, halikuwaka. Halafu nikashuka nikakimbia kwa miguu.

Nilipofika kwenye ndiva Mzee alikuwa ameshafika. Alikuwa ameingia kwenye mfereji, maji magotini, amebomoa ukingo kwa jembe ili maji yageukie korongoni, lakini mengine yalikuwa bado yanapenya kuelekea bwawani na tope alilokuwa analirundika linazolewa. Aliniona. Nadhani alikuwa anatarajia mtu yeyote isipokuwa mimi.

"Lete kitu cha kuziba," akasema.

Nikatazama huku na huku, hakuna jani, hakuna gunia. Nikavua koti la Kaunda suti nikampa. Akalipokea, akalitazama kidogo, akalikunja akalishindilia kwenye mdomo wa mfereji, mimi nikaingia majini nikalikanyaga kwa miguu yote miwili na viatu vyangu, yeye akarundika udongo juu yake, tukasimama hapo tumeshikana mabega ili tusianguke. Maji yakageuka.

Oili nyingi ilikwenda korongoni. Si yote. Upande mmoja wa ndiva ulikuwa tayari na utando, unazunguka polepole, na watu waliokuwa kwenye maharage wakaanza kupanda mmoja mmoja kuja kuona. Waliniona mimi kwanza: fulana, suruali ya kijivu iliyolowa tope, mdomo mweusi. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akacheka akageukia pembeni, halafu cheko likapita watu wote na likakaa sana.

Mwenyekiti wa kijiji akaja, Bwana Sifaeli, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Akauliza ni nani aliyechafua maji. Nikafungua mdomo kujibu, lakini Mzee Elinazi akatangulia.

"Ni mgeni wangu. Kwa hiyo ni mimi."

Kicheko kikakatika hapo. Mtu aliyemtoza faini ndugu yake alikuwa anasimama yeye mwenyewe kwenye nafasi ile, na huyo ndugu alikuwepo, nilionyeshwa baadaye, amekaa juu ya jiwe. Faini ya kuchafua ndiva ilikuwa mbuzi. Mzee akapanda nyumbani akarudi anamvuta mbuzi kwa kamba, yule yule aliyepindua karai, akamkabidhi kwa mwenyekiti, na nasema kweli, katika yote yaliyonipata siku ile, oili, maziwa, gari, hakuna lililoniuma kama kumwona mzee yule akivuta ile kamba mbele za watu kwa ajili yangu. Ndugu yake aliinuka kwenye jiwe, akamsogelea, akamwambia kitu kifupi. Mzee akaitikia. Nakijwa anasema hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka.

Ikaamuliwa kwamba maji yote yaliyo kwenye ndiva yamwagwe korongoni na Jumatatu upigwe msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope lenye oili. Mwenyekiti alikiri kwamba tope lile lilikuwa lizolewe tangu mvua zilizopita na kila mara watu walikuwa wanatafuta udhuru. Jumapili nilikaa kanisani benchi la nyuma nimeazimwa shati la Mzee, na kila nilipofungua mdomo kuimba, waliokuwa mbele yangu walikuwa wanageuka kutazama meno.

Jumatatu nikaingia ndiva alfajiri na karai la mama mkwe (nililiomba mwenyewe, nikaahidi kulisugua). Tulisimama mstari mrefu tunapokezana tope, wanaume kwa wanawake, wanaimba Kipare, na mimi wakaniweka katikati kabisa ambapo tope ni zito zaidi. Kufika saa nne nilikuwa nimefundishwa kiitikio. Kufika saa sita nilikuwa nimepewa jina, Mkwe wa Oili, nalo halijanitoka. Mchana wakaleta makande, na yule shangazi aliyeuliza nakunywa nini akanipakulia yeye mwenyewe, akaniambia, "Kula, mwanangu, haya hayavutwi kwa mpira."

Wazee wangu nilikuwa nimewasahau. Walikuwa wamekaa kandokando ya barabara kule chini tangu asubuhi wanasubiri gari, halikuja, wakaamua kupanda kwa miguu, na njiani wakakutana nalo limesimama kwenye kona bila mtu, mpira unaning'inia. Baba mdogo alifika kwenye ndiva jua limeanza kupoa, viatu mkononi, akanitafuta kwa macho katika watu wote wale mpaka akaniona nimezama kiunoni kwenye tope.

"Gervas," akasema, "tumekuja kuposa au kukukomboa?"

Watu walicheka mpaka kazi ikasimama. Mzee Elinazi naye alicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake.

Jioni ile wazee wakaketi ndani. Baba mdogo alikuwa amejiandaa na maneno mengi ya kunisifu, akaanza kukohoa, lakini Mzee akamnyooshea mkono kumzuia.

"Msijisumbue kutueleza kijana wenu. Tumeshamwona. Ametuchafulia maji, lakini hakuondoka."

Nami nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa, nikawa nawaza kwamba Jumamosi ile gari lingewaka tena pale konani, sijui, pengine ningeikimbia aibu yangu na ningekuwa nimeshapita Same zamani. Nakijwa aliniangalia kutoka jikoni na nadhani alikuwa anawaza hivyo hivyo. Posa ikapokewa.

Landrova ilikaa kwenye kona ile majuma mengi, watu wakawa wanaizunguka, kuku wa jirani wakatagia ndani, mpaka tulipoishusha kwa kamba na fundi akaifungua injini yote. Muda huo wote kila nilipopata ruhusa kazini nilikuwa napanda kukaa kwa Mzee, nikilima naye. Maji ya kwanza yalipojaa kwenye ndiva safi, aliniita nisimame kando yake wakati anayazibua yaende mashambani. Maharage yalipona.

Basi ninyi mnaojifunza udereva, na hasa mnaotaka kuoa milimani, sikilizeni. Oili inamwagwa kwa kulala chini, mgongo kwenye vumbi, spana mkononi, na wakwe wakikutazama waache wakutazame. Mimi tangu siku ile nalala chini. Nimelala chini ya gari mbele ya mama mkwe, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya mkuu wa wilaya mzima aliyesimama akingoja nimalize, na wote nimewaamkia shikamoo kutoka huko huko chini, wakaitikia marahaba.